Rais Hutembea Nyuma

Nimeacha urais wa Chama cha Watembeaji wa Mbali, na habari hiyo ilifika Roret kabla yangu. Nilipoingia sokoni nilimkuta muuza tumbaku akiwaeleza watu kwamba nimepinduliwa. Mwingine akasema hapana, nimerogwa goti. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekianzisha chama hiki, na kwa kuwa katika chama chote mwenye diploma ni mmoja tu, naona ni haki yangu kueleza mwenyewe jinsi mambo yalivyokwenda. Nawaandikia nyinyi mlioingia juzi, mnaouliza kwa nini rais wetu hutembea nyuma ya watu wote kama mchunga mbuzi, na kwa nini mwenye mwendo mzito kuliko wote huwekwa mbele. Habari za vyeo na mishahara ya kiwandani siziandiki. Waliotaka kujua mshahara wangu wamekwisha kuuliza, na sikuwajibu.

Nilizaliwa kando ya ziwa, nikasoma misheni mpaka madarasa ya misheni yakaisha na mimi bado nina kiu. Nikapata kazi ya kumpikia mpima ardhi mmoja aliyekuwa akirudi kwao, mbali kusini mwa bara hili, nikaenda naye kwa meli. Mchana nilipika, jioni nilisoma. Hakuna aliyenilipia karo wala aliyeniombea nafasi. Nilirudi na sanduku la bati, suti moja, na diploma ya ujenzi yenye muhuri mwekundu. Diploma hiyo sasa imetundikwa ukutani kwangu, na mgeni yeyote anaweza kuiona bila kuomba, maana kiti cha wageni kinaielekea.

Huko kusini niliona jambo la ajabu. Watu wazima wenye kazi zao, kila Jumamosi, walivaa viatu vizito wakapanda mlima, kisha wakashuka. Hawakuwa wakitafuta ng'ombe aliyepotea. Hawakuwa na mgonjwa wa kwenda kumtazama. Walitembea kwa sababu walitaka kutembea. Mwaka wa kwanza niliwacheka. Mwaka wa pili nilinunua viatu.

Niliporudi nilishuka garimoshi kituo cha Lumbwa, na kwa kuwa hapakuwa na lori, nilijitwika sanduku langu kichwani nikaja Kericho kwa miguu. Siku hizo michai ilikuwa haijafika magotini. Vilima vyote vilikuwa vimelimwa na kupigwa mistari, na mvua ilinyesha kila alasiri kama iliyoandikwa kazi. Nikaajiriwa kusimamia ujenzi wa kiwanda cha kukaushia majani, na seremala wangu wa kwanza alikuwa Mkipsigis mmoja aliyeitwa arap Rono. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza habari ya kutembea. Alikuwa akipiga randa ubao.

"Tunakwenda Sigor kufanya nini?" akauliza.

"Kufika."

"Na tukifika?"

"Tunarudi."

Akaendelea kupiga randa mpaka ubao ukawa laini. "Basi nitakuja, Tiploma," akasema, maana ulimi wake haujawahi kulitamka neno hilo vingine. "Nataka kuona mtu mwenye akili akifanya kitu kama hiyo."

Hivyo ndivyo chama kilivyoanzishwa. Tukawapata makarani wawili, nyapara mmoja wa shamba, na Zakayo, mpishi wa nyumba ya meneja, mtu wa kwetu kando ya ziwa, mnene, mwenye miguu bapa na mdomo usiopumzika. Ruhusa ya meneja ilitolewa baada ya mimi kuvaa suti. Nikachaguliwa rais bila kupingwa. Arap Rono husema ni kwa sababu hakuna mwingine aliyejua rais hufanya nini.

Safari yetu ya kwanza ndefu nilijiandaa kama mtu aliyesoma. Sote tulivaa kaptula za kaki na mikanda. Mimi nilitangulia, nimevaa chepeo, filimbi shingoni, fimbo mkononi. Nyuma yangu makarani, nyuma yao nyapara, na wote kwa mstari mmoja ulionyooka, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Tulipendeza sana. Tulishuka Chemosit, tukapita Litein, na kila boma tulilofika lilikuwa tupu. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye mapaa, sufuria iko jikoni, ndama wako zizini, lakini mtu hakuna. Tuliita hodi tukajibiwa na mbuzi. Wakati huo nilidhani watu wa huko wanalima mbali.

Boma la mwisho kabla ya kuteremka mto Kipsonoi tulimkuta bibi mmoja ameketi mlangoni, mikono magotini. Hakusimama.

"Mimi hapana kimbia," akasema kabla hatujamsalimu. "Miguu imekataa. Kodi ya nyumba, kijana yangu alilipa. Kama unataka kuku, chukua ile nyeusi, lakini hiyo iko na wazimu, inadonoa watu."

Ndipo tukaelewa. Mstari wa wanaume waliovaa kaki, mwenye chepeo mbele na filimbi, katika nchi hii una maana moja tu. Tangu Kericho tulikuwa tukiwafukuza watu vichakani kwa uzuri wa mavazi yetu.

"Mama," nikamwambia, "hatukuja kwa kodi. Tunatembea tu."

"Mnatembea tu?"

"Ndiyo."

Akamgeukia arap Rono, akasema naye Kikipsigis kwa kirefu. Arap Rono akacheka mpaka akashika mti.

"Amesema nini?"

"Amesema heri mngekuwa watu wa kodi. Wale angalau wanajua wanataka nini."

Alitupa maji, kwa hisani yake, lakini vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando yanayotiwa makaa ya mti, vilikuwa vimekwenda kichakani pamoja na wenyewe, na siku ile tulilala na posho kavu. Mtu akiwa mbali na kwake katika nchi ya Wakipsigis, maziwa ya wenyeji ndiyo chakula chake. Ukimkimbiza mwenye kibuyu umejikimbiza mwenyewe.

Siku ya pili Zakayo alibaki nyuma. Viatu vyake alikuwa amepewa na bwana wake, na bwana wake alikuwa na miguu ya kitoto. Mimi kule mbele nilikuwa nikipiga hatua za kusini, sikumsikia akilalamika, na kumsikia Zakayo akilalamika si kazi ngumu. Kwa hasira akaiacha njia, akashika ujia wa ng'ombe uliokata kona, akatokea mbele yetu bila sisi kujua. Tulipofika boma lililofuata tulimkuta ameketi juu ya kigoda, viatu ubavuni, watoto wamechuchumaa wakitazama malengelenge yake, wanaume wa boma wakicheka, na kibuyu cha mursik kiko mapajani mwake.

"Omera!" akaniita, yaani ndugu yangu kwa lugha ya kwetu. "Mmechelewa wapi?"

Hakuna mtu aliyekimbia. Nani atamkimbia mtu mnene anayechechemea huku amebeba viatu mkononi na kuwatukana? Mtoza kodi haji hivyo. Walipotuona sisi na kaki zetu tayari Zakayo alikuwa amekwisha kuwaambia sisi ni vichaa wasiodhuru, na vigoda vikaletwa kwa wote.

Jioni ile kanuni ikapatikana: mwenye mwendo mzito kuliko wote hutembea mbele, na wote hufuata mwendo wake. Wenyeji wamwone yeye kwanza, na asiweze kuachwa. Arap Rono anadai kanuni ni yake. Zakayo anadai tumlipe. Nitasema haki: miguu ilikuwa ya Zakayo, maneno yalikuwa yangu. Na sehemu ya pili ya kanuni ni yangu kabisa, wala hakuna anayebisha. Kama mzito ni wa mbele, wa nyuma lazima awe mtu ambaye hatachelewa kamwe, amwone kila mmoja, amwokote aliyeketi. Mtu huyo alikuwa mimi. Rais hutembea nyuma, na filimbi ni yake. Chepeo nilimpa kuku wa mke wangu atagie mayai.

Kutembea nyuma ni kazi, msidhani ni heshima ya bure. Ukiwa nyuma unasoma migongo. Bega la kushoto likianza kushuka, kiatu cha kulia kinauma. Mtu anayeacha kuongea ana homa, na anayeanza kuongea sana ana njaa. Mwaka ule wa nzige, katika msitu wa Chepalungu, mvua inapiga majani hata hatusikiani, mmoja wa makarani aliacha njia akaketi chini ya mti kwa homa bila kumwambia mtu. Walio mbele walimpita. Mimi nikamkuta, nikapiga filimbi, tukambeba kwa zamu mpaka Sigor. Leo ana watoto, na mmoja wao amempa jina langu. Simwambii mtu jambo hilo isipokuwa akiuliza, au tukiwa njiani.

Vifaa ni vichache, na vijana mnabeba vingi mno. Paka viatu mafuta ya kondoo kwa ndani, si kwa nje tu kama wanavyofanya watu wa kanisani. Ganda kavu la mgomba chini ya kisigino ni bora kuliko soksi ya dukani. Sindano kwa ajili ya funza, na tone la mafuta ya taa baadaye. Lengelenge usilipasue mpaka umefika. Na chumvi kidogo ya kumpa mwenye boma, kwa sababu atakataa malipo lakini chumvi hakatai mtu.

Nyambura aliingia chamani wakati sisi wa kwanza tulipoanza kuota mvi. Alikuwa mjane kutoka Ugikuyu, mwenye kibanda cha maharagwe pale Roret. Alikuja mkutanoni, akasikiliza, akanyoosha mkono. Nyapara akamwambia hiki ni chama cha watembeaji, si soko.

"Nyinyi mnatembea mikono mitupu halafu mnajiita watembeaji," Nyambura akasema. "Mimi nilitoka kwetu mpaka hapa na gunia ya maharagwe mgongoni na mtoto tumboni. Hiyo chama yenu inaanzia wapi, niko nyuma yake au mbele?"

Zakayo akapiga makofi. Nikamwandikisha siku hiyo hiyo. Nilimfundisha kusoma migongo, nikamweka wa pili kutoka mwisho, mbele yangu tu. Safari zote hizo, kati ya Kericho na Silibwet na Sigor, alisikia nyuma yake maisha yangu yote: meli, mpima ardhi, mlima wa kusini, diploma. Hakulalamika. Pengine alikuwa akilala huku akitembea, wanawake wa sokoni wanaweza.

Sasa nifike kwenye goti. Goti langu la kulia lilianza kuniudhi misimu miwili iliyopita. Nililifunga kwa kitambaa chini ya suruali ndefu, nikasema kaptula zimepitwa na wakati. Arap Rono alinitazama tu. Nilijua lazima nimpate wa kushika filimbi, kwa maana chama kisicho na mtu nyuma ni kundi la watu waliopotea ambao bado hawajajua. Nikamwomba arap Rono. Akakataa. "Mimi nikitembea nyuma nitaketi nikalale," akasema, na ni kweli. Nikamtaja Nyambura. Nyapara na wenzake wakakataa katakata: mwanamke hawezi kuwa wa mwisho msituni, hana nguvu ya kumbeba mtu, na watu wa nje watasema nini. Basi nikasema nitaendelea mwenyewe. Sikutaka kukiacha chama mikononi mwa mtu asiyetazama nyuma, na hakuna aliyesoma zaidi yangu wa kunishauri.

Safari ya mwezi uliopita tuliondoka asubuhi njema. Zakayo mbele kama desturi, amenenepa zaidi, anawasalimu watu wa kila boma kwa majina. Alasiri tukafika Kipsonoi. Tunavuka pale penye mawe, mnapajua. Wote wakavuka, wakapanda ukingo, wakaingia kwenye kona ya miti. Mimi nilikuwa kwenye jiwe la katikati. Nikanyoosha mguu kwenda jiwe la pili, na goti likakwama. Halikunyooka, halikukunjika. Nikaketi juu ya jiwe.

Kisha nikaona maji yamegeuka rangi. Yalikuwa meupe, yakawa ya udongo, yenye majani na vijiti, na kule juu upande wa Mau anga lilikuwa jeusi kama chungu. Mto ulikuwa unakuja. Mimi niliyeandika kanuni nikaliona tundu lake pale juu ya jiwe: mwenye mwendo mzito kuliko wote anatazamwa na wote, lakini aliye mwisho hana mtu nyuma yake wa kumtazama. Filimbi ilikuwa shingoni. Sikuipiga. Kwa miaka yote hiyo filimbi ile ililia kwa ajili ya wengine, na nilijiambia goti litaachia sasa hivi. Maji yakafika kwenye viatu.

Ndipo nikamwona Nyambura anatokea kwenye kona ya miti, anateremka ukingo kwa kasi, shuka yake ameifunga kiunoni.

"Bwana Diploma! Kwani umekaa hapo kufanya nini?"

"Napumzika."

"Unapumzika ndani ya mto?"

"Umejuaje?" nikamuuliza. Nilitaka kujua kweli.

"Tangu Litein nimesikia habari ya meli. Umefika mahali mpima ardhi anaangusha sahani. Halafu kimya. Hiyo hadithi nimeisikia mpaka naijua, na wewe hujawahi kuachia hapo kwa sahani." Alikuwa amekwisha kuingia majini, yamemfika magotini. "Piga filimbi."

"Si lazima, goti litaachia."

"Piga, ama nitakunyang'anya nipige mimi, na nyapara ataona."

Nikapiga. Wakaja mbio wote, Zakayo wa mwisho akihema. Nyambura alikwisha kunishika chini ya kwapa na kunitoa kwenye lile jiwe kabla hawajafika, kwa hiyo habari ya nguvu za kumbeba mtu ikamalizika bila mkutano. Arap Rono akaingia kumsaidia, wakanivusha baina yao. Tulipokuwa tumeketi ukingoni, mawe yote ya kuvukia yalikuwa yamefunikwa, na shina la mti likapita juu ya mahali nilipokuwa nikipumzika.

Kisha arap Rono, akikamua maji kwenye shati, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo nani ana mwendo mzito kuliko wote?"

Wakatazama chini. Nyapara alitazama mti. Zakayo ndiye aliyesimama. Alikuwa ametembea mbele tangu siku ya kigoda, miaka yote, hakuna aliyewahi kumshinda kwa uzito wa mwendo. Akajipangusa kaptula.

"Omera," akaniambia, "leo nimepandishwa cheo." Akasogea, akasimama nafasi ya pili.

Nikaivua filimbi, nikaipangusa, nikamvika Nyambura. Nilimtazama nyapara, nikamuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Kamba yake ni ndefu mno kwake, ifupishwe." Akaifupisha mwenyewe, akafunga fundo. Hivyo ndivyo nilivyopinduliwa, kwa faida ya muuza tumbaku wa Roret.

Nikakatiwa fimbo, nikaenda mbele. Sikuwa nimetembea mbele tangu siku ya chepeo, na nilikuwa nimesahau kwamba mbele hakuna migongo. Kuna njia, na vilima, na watoto wanaotoka mbio kabla hujafika. Walinikimbilia wakipiga kelele, wakanipokea fimbo na mfuko, wakaniuliza mguu umefanya nini. Hata mmoja hakukimbilia kichakani.

Bomani mwenyeji alituletea vigoda na kibuyu. Kwa desturi yetu kibuyu huanzia mbele. Kwa miaka yote nilipokuwa nyuma kilinifikia mwisho, nami nikaamini mursik ni kitu cheusi chenye makaa na chini yake hewa. Siku ile nilinywa wa kwanza. Nawaambia kwa heshima ya diploma yangu, ile ya juu ni chakula kingine kabisa, na Zakayo aliijua siku zote akanyamaza.

Mambo mengine sina hofu nayo. Nyambura anasoma migongo vizuri kuliko nilivyomfundisha, na kijana mmoja wa kiwandani ameanza kujifunza mbele yake. Ameongeza kanuni moja, nami nimeikubali ingawa haikuandikwa na mtu mwenye diploma: aliye mwisho na aliye mbele lazima wasikiane, na ikiwa kimya, msafara unasimama.

Kwa hiyo siku ile, tulipoondoka bomani na kuanza kupanda kuelekea Silibwet, mimi mbele na mstari wote nyuma yangu, nilikuwa nikitembea polepole, natazama michai iliyoanza kupandwa hata huku, sisemi neno. Mara nikasikia kutoka mbali huko nyuma:

"Bwana Diploma! Sisikii kitu!"

Msafara ukasimama. Nikajaza kifua hewa, nikapaza sauti ifike kwa mtu wa mwisho, nikaendelea pale pale mpima ardhi alipoangusha sahani.